Kukusanya Sarafu za Kumbukumbu za Kisasa: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Chukua sarafu mbili za maki 10 (maki ilikuwa pesa ya Ujerumani kabla ya yuro) za Ujerumani Magharibi. Zote zimeandikwa 1972, zote ni za Olimpiki, zote zina mchoro uleule wa miale inayojizungusha kama kimbunga. Ukizitazama harakaharaka utasema ni pacha. Sasa shika lenzi ufuate maandishi yanayozunguka pembeni. Moja inasema michezo itafanyika „in Deutschland”, yaani Ujerumani, nyingine inasema „in München”, yaani mjini Munich. Ile ya kwanza ilipotoka, Ujerumani Mashariki ilipinga: Ujerumani zilikuwa mbili wakati huo, iweje moja ijiite Ujerumani nzima? Mchoro ukarudiwa, nchi ikaondolewa, likawekwa jina la mji.

Mimi nilinaswa na neno hilo moja. Ugomvi wa mataifa mawili umekaa kwenye kipande cha madini chenye upana wa milimita 32.5, nawe unaweza kukiweka kiganjani.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya kutoa hata senti. Sarafu ya kale imekuwa adimu kwa sababu wenzake walipotea, wakayeyushwa au wakachakaa. Sarafu nyingi za kumbukumbu za siku hizi zimetengenezwa makusudi ili mkusanyaji azinunue, na zimezaliwa ndani ya kisanduku. Hazipotei. Maneno kama „toleo maalumu” ni lugha ya muuzaji, hayakuambii kama sarafu ni adimu. Kwa hiyo kazi kubwa ya mkusanyaji wa sarafu za kisasa ni kuchagua, na hatua zote zinazofuata zinasaidia kazi hiyo.

Hatua ya 1: Jua kilichopo mbele yako

Vitu vinavyouzwa kwa jina la sarafu ya kumbukumbu ni vya aina tatu, na wanaoanza huumia kwa kuvichanganya.

Aina ya kwanza ni sarafu za mzunguko: zina thamani yake ya kawaida, zinalipia bidhaa dukani, ila upande mmoja una mchoro wa tukio fulani. Robo dola 50 za majimbo ya Marekani ziko hapa. Zilitoka tano kila mwaka kuanzia 1999 hadi 2008, Delaware ikifungua na Hawaii ikifunga. Ziko hapa pia sarafu za kumbukumbu za yuro 2, ambazo Ugiriki ilizianzisha mwaka 2004 kwa Olimpiki ya Athens. Kanada nayo mwaka huohuo wa 2004 ilitoa senti 25 yenye ua jekundu la kukumbuka wanajeshi waliokufa vitani, sarafu ya kwanza ya rangi duniani kuingia kwenye mzunguko.

Aina ya pili ni sarafu zinazouzwa kwa wakusanyaji tu. Zimeandikwa thamani na ni pesa halali kisheria, lakini hakuna atakayenunua mkate kwa sarafu ya dhahabu ya dola 5 wakati dhahabu iliyomo inazidi hapo mara nyingi. Marekani ilirudi kwenye biashara hii mwaka 1982 kwa nusu dola ya madini ya fedha iliyoadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa George Washington.

Aina ya tatu si sarafu. Ni medali: duara zuri, picha nzuri, lakini haina thamani iliyoandikwa wala serikali iliyoitoa. Nyingi ni shaba au chuma kilichopakwa utando mwembamba wa dhahabu. Ukipenda medali, kusanya medali kwa moyo wote. Usiuziwe tu medali kwa bei na jina la sarafu. Ukigeuza pande zote mbili usione thamani wala jina la nchi, umepata jibu.

Katikati ya aina ya pili na ya tatu kuna kundi la kulitazama kwa makini. Ni sarafu zenye majina ya nchi ndogo kama Niue, Tuvalu, Palau na Visiwa vya Cook, lakini zimebuniwa na kuuzwa na kampuni za nchi nyingine kwa idhini ya nchi hizo. Kisheria ni sarafu. Baadhi zinapendeza sana. Ila matoleo ni mengi mno, na siku ya kuuza wanunuzi huwa wachache kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 2: Jiwekee mpaka

Usianze na „nakusanya sarafu za kumbukumbu”. Hiyo ni bahari. Anza na kitu ambacho unaweza kukimaliza na ambacho kukimaliza kutakufundisha.

Mfano wangu ni uleule wa Ujerumani. Olimpiki ya 1972 ilikuwa na sarafu sita za maki 10, na kila moja ilipigwa katika viwanda vinne. Utavitambua kwa herufi ndogo: D ni Munich, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg. Sita mara nne ni ishirini na nne. Hakuna iliyo adimu kiasi cha kukukatisha tamaa, kwa hiyo unaweza kutafuta zilizo safi badala ya kukubali chochote. Ukifika ya ishirini na nne utakuwa umejua kusoma herufi ya kiwanda, kutofautisha mng'ao wa asili na wa kusuguliwa, na kumkatalia muuzaji.

Mpaka unaweza kuwa nchi moja, mada moja (ndege, reli, anga za juu), umbo moja au mwaka mmoja. Wengi huchukua mwaka waliozaliwa, na ni mpaka mzuri. Wenye bajeti ndogo wanapendelea yuro 2 kwa sababu hata ukikosea unabaki na yuro 2 zako. Tangu 2012 kila nchi inaruhusiwa matoleo mawili kwa mwaka, ukiacha yale yanayotolewa kwa pamoja na nchi zote, kwa hiyo mkusanyo huu hauishi. Jua hilo kabla hujaanza.

Hatua ya 3: Zana chache

Lenzi ya kukuza mara 10. Mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kaliper ya kupimia upana na unene. Taa ya mezani unayoweza kuizungusha. Kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikianguka isigonge mbao. Basi. Hadubini ya kuunganisha na kompyuta inaweza kusubiri.

Hatua ya 4: Jifunze kuisoma sarafu

Ishike kwa ukingo, kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, juu ya kile kitambaa. Usiguse nyuso zake. Mafuta ya kidole hayaonekani leo, lakini baada ya miezi kadhaa alama ya kidole hujitokeza ya kahawia, na hapo imeshakula madini.

Iinamishe polepole chini ya taa. Sarafu ambayo haijatumika huonyesha mng'ao unaozunguka kama mikono ya saa kadiri unavyoigeuza. Mng'ao huo unatokana na mistari midogo sana iliyoachwa na madini yalipokuwa yanasukumwa na chapa, yaani muhuri wa chuma unaopiga mchoro. Sarafu iliyosuguliwa huwa nyeupe pia, lakini mwanga wake umekufa: hauzunguki, unatawanyika tu, na ukiweka lenzi unaona mikwaruzo sambamba ikielekea upande mmoja. Tofauti hii haifundishiki kwa maandishi peke yake. Tafuta sarafu mbili za bei ndogo, moja mpya na moja iliyosuguliwa, ukae nazo nusu saa.

Kisha kuna neno prufu, linaloeleweka vibaya kuliko yote. Wengi hudhani prufu ni daraja la ubora. Prufu ni namna ya kutengeneza: bapa la madini limeng'arishwa, chapa zimeng'arishwa, na sarafu imepigwa mara mbili au zaidi ili kila mstari utokeze. Matokeo yake kwa kawaida ni uwanja (sehemu tupu inayozunguka picha) unaong'aa kama kioo na picha yenye ukungu mweupe juu yake. Prufu iliyokwaruzwa inabaki prufu, ila ni prufu mbaya. Na kwa sababu uwanja wake ni kioo, hata unyoya mmoja wa pamba ukiburuzwa juu yake huacha mstari.

Ubora wenyewe hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70. Kampuni za upimaji kama PCGS na NGC hufunga sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba hiyo. Kwa sarafu za kisasa, 69 na 70 ni za kawaida, kwa sababu hazikupita mikononi mwa watu. Kati ya 69 na 70 jicho la kawaida halioni kitu, lakini bei inaweza kuruka mara kadhaa. Maoni yangu: nunua 69, pesa iliyobaki iende kwenye sarafu nyingine.

Usisahau ukingo. Yuro 2 zina maandishi au alama ukingoni, na nchi nyingi zina yake, ingawa baadhi hufanana. Maandishi hayo huwekwa kabla ya nyuso kupigwa, kwa hiyo kukaa kwake wima au kichwa chini ni bahati tu. Anayekutoza zaidi kwa sababu maandishi „yamegeuka” hakuuzii lolote.

Hatua ya 5: Elewa idadi, usiiabudu

Kila mtu atakuambia uangalie idadi iliyotengenezwa. Ni kweli nusu.

Tazama mifano mitatu. Mwaka 1965 Uingereza ilitoa krauni, sarafu yake kubwa, ya kumkumbuka Winston Churchill. Zilipigwa zaidi ya milioni 19, na watu wakaziweka kwenye droo wakiamini wajukuu watatajirika. Bado zipo, nyingi zikiwa safi, na thamani yake ni ndogo hadi leo. Kila mtu akihifadhi, hakuna anayekosa.

Wa pili ni peni 50 ya Uingereza ya 2009 yenye mnara wa bustani ya Kew. Zilipigwa 210,000 tu, zikaingia kwenye mzunguko bila kelele, watu wakazitumia kununulia vitu. Idadi ilipojulikana, zilizobaki zikawa zinawindwa. Angalizo: mchoro huohuo ulirudiwa mwaka 2019 kwenye seti ya wakusanyaji. Soma mwaka kabla ya kulipa. Na kwa kuwa bei ilipanda, bandia zimejaa.

Wa tatu ni sarafu ya dhahabu ya dola 5 ya Marekani ya mwaka 1997 yenye picha ya mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Toleo lake lisilo prufu liliuza 5,174 pekee. Kwa nini? Wanunuzi walikuwa wamechoka. Michezo ya Olimpiki ya Atlanta peke yake ilikuwa imeletewa sarafu 16 tofauti, kila moja ikitoka kwa namna mbili, na bei ya kila moja ilikuwa na nyongeza ya kuchangia waandaaji. Bunge la Marekani liliingilia kati, likaweka kikomo cha programu mbili za sarafu za kumbukumbu kwa mwaka kuanzia 1999. Sarafu ambayo hakuna aliyeitaka siku ya kutolewa ndiyo iliyokuwa adimu baadaye.

Kwa hiyo uliza maswali mawili pamoja: zilitengenezwa ngapi, na ni watu wangapi wanaokusanya mfululizo huo? Monako ilitoa yuro 2 za Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wa nchi hiyo, vipande 20,001 mwaka 2007, nazo ni ghali kwa sababu wanaokusanya yuro 2 ni wengi na wote wanataka kuziba tundu hilohilo. Sarafu ya vipande 500 ya mfululizo usio na mashabiki inaweza kukaa bila mnunuzi miaka yote.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya madini, kisha ndipo ununue

Kabla ya kununua sarafu ya fedha au dhahabu, jua madini yaliyomo yana thamani gani siku hiyo. Hesabu ni rahisi: uzito kwa gramu mara kiwango cha usafi, gawanya kwa 31.1, unapata aunsi, kipimo kinachotumika kutaja bei ya fedha na dhahabu. Ile maki 10 ina gramu 15.5 na fedha asilimia 62.5. Kwa hiyo 15.5 × 0.625 ni gramu 9.69, karibu aunsi 0.31. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Hiyo ndiyo sakafu yako. Chochote unachoongeza juu yake ni kwa ajili ya hadithi, uzuri na uadimu, nawe unapaswa kujua unaongeza kiasi gani.

Usinunue kwa haraka siku ya kutolewa, isipokuwa sarafu unaitaka kweli na ungefurahi nayo hata bei ikishuka. Nyingi hushuka katika miaka michache ya kwanza, maana walionunua ili wauze hulazimika kuuza. Subira ndiyo punguzo kubwa kuliko lote.

Sasa uhalisi. Anza na vipimo vya kiwanda: uzito, upana, unene. Sumaku husaidia, kwani fedha na dhahabu hazinaswi, lakini kumbuka shaba nayo hainaswi. Na kuna mtego ambao uzito hauugundui. Krauni za Uingereza za 1977 na 1981 zipo za shaba-nikeli na zipo za fedha, na zote zina gramu 28.28 na upana uleule. Mizani itakuambia „sawa” kwa zote mbili.

Hapo hutumika maji. Weka chombo cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kuta. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Krauni ya fedha ya 925 (fedha asilimia 92.5) itaonyesha takriban 2.7, na 28.28 ÷ 2.73 ni karibu 10.4. Ya shaba-nikeli itaonyesha karibu 3.2, na jibu litakuwa 8.9. Hakuna cha kubishana hapo. Ila usizamishe prufu iliyo salama kwenye kapsuli yake, yaani kasha lake dogo la plastiki. Pima ile iliyo wazi na ambayo tayari imeguswa, kisha ikaushe kwa kuigandamiza polepole kwenye kitambaa, bila kuifuta.

Kuhusu makosa ya kiwandani yanayouzwa kwa bei ya juu, uliza yametokeaje. Robo dola ya Kansas ya 2005 ina vipande vinavyosomeka „IN GOD WE RUST” badala ya „IN GOD WE TRUST” (Tunamtumainia Mungu), kwa sababu mafuta na uchafu viliziba herufi T kwenye chapa. Ni kitu cha kufurahisha, lakini T inaweza pia kukwanguliwa na mtu mwenye kisu. Kwa lenzi, palipozibwa pana ngozi ya asili ya sarafu, na palipokwanguliwa pana mikwaruzo.

Kwenye mnada wa mtandaoni, taka picha za pande zote mbili za sarafu yenyewe utakayoletewa, na ukingo pia. Muuzaji anayeweka picha ya kiwanda badala ya sarafu yake, mpite.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Hapa ndipo nilipopoteza. Seti yangu ya kwanza niliipanga kwenye albamu yenye kurasa laini za plastiki zinazonukia kama pazia jipya la bafuni. Nikajivunia, nikaiweka kabatini. Nilipoifungua baada ya miaka miwili, sarafu saba zilikuwa na utando wa kijani unaonata, mzito zaidi kwenye mashimo ya herufi. Plastiki ile ni PVC. Inalainishwa kwa kemikali ambazo hutoka polepole, na plastiki yenyewe ikichakaa hutoa asidi, na asidi hula shaba iliyo ndani ya sarafu. Harufu ile ndiyo ilikuwa onyo, nami sikuijua.

Kwa hiyo: kapsuli ngumu za akriliki zenye kipimo kamili cha sarafu yako, au kadi za mraba zenye dirisha la plastiki ya Mylar. Ukitumia kadi zenye pini, zibonyeze pini hizo zilale kabisa, maana pini iliyosimama hukwaruza sarafu ya jirani. Epuka bahasha za karatasi ya kawaida, raba na sanduku la mbao mbichi: salfa hugeuza fedha kuwa nyeusi, na asidi ya mbao hushambulia madini. Sehemu yenye joto lisilobadilikabadilika na ukavu ni bora. Weka vifuko vya silika ndani ya sanduku na uvikaushe au uvibadilishe vikijaa unyevu.

Utando wa kijani wa PVC ukiuona mapema unaweza kuokoa. Tumia asetoni safi, si dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Iweke kwenye chombo cha kioo, mbali kabisa na moto, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu mvuke wake hushika moto kirahisi. Zamisha sarafu dakika chache, igeuze, izamishe kwenye asetoni nyingine safi, kisha iache ikauke yenyewe. Usisugue. Na sarafu ya rangi kama ile ya ua la Kanada usiithubutu, asetoni inaweza kuondoa rangi yake.

Zaidi ya hapo, usisafishe. Si kwa magadi, si kwa dawa ya meno, si kwa limau, si kwa kitambaa cha kung'arishia vyombo. Weusi wa asili unaweza kuwa mzuri na unalinda madini yaliyo chini yake. Mikwaruzo ya kusugua haiondoki tena. Nimeona sarafu nzuri zikipoteza nusu ya thamani kwa dakika mbili za nia njema.

Kisanduku, kadi na hati ya uthibitisho vitunze pamoja na sarafu yake. Hati peke yake si ushahidi, karatasi ni rahisi kuigiza kuliko madini, lakini mnunuzi wa baadaye atauliza vilipo.

Hatua ya 8: Daftari

Andika kila sarafu siku unayoipata: nchi, mwaka, thamani, herufi ya kiwanda, madini, uzito ulioupima mwenyewe, bei uliyolipa, na ulipoipata. Piga picha pande zote mbili. Kampuni ya bima, polisi ukiibiwa, na warithi wote watahitaji habari hizi, na kumbukumbu ya kichwani haitoshi ukifika sarafu ya hamsini.

Mimi naongeza safu moja zaidi: mistari miwili kuhusu tukio lenyewe na kwa nini niliitaka. Kwenye ukurasa wa ile „in Deutschland”, herufi J, nimeandika tarehe niliyoipata, gramu 15.48, na maneno haya: „Neno likabadilishwa. Tafuta mwenzake wa München, J pia.” Nilimpata baada ya miezi kumi na minne.